Msaragambo wa Kuosha Mashine

Kati ya Mwanga na Ndungu hakuna mtu mwingine anayemiliki wekstesheni za zamani. Kama yupo, ajitokeze tulinganishe. Wekstesheni ni kompyuta, lakini si kama ile ya duka la steshenari pale Same mjini, ya kuchapia barua za kuomba kazi. Hizi zilikuwa mashine za wahandisi, wachora ramani na wapima miamba, za wakati ule ambao ofisi nzima ilisubiri zamu kwa mashine moja. Skrini yake hubebwa na watu wawili. Ukiiwasha, feni zake hunguruma kama mashine ya kukoboa mahindi inayosikika kutoka ng'ambo ya bonde. Leo simu ya muuza nyanya inazishinda zote kwa nguvu, na watu hunikumbusha jambo hilo kila siku kana kwamba mimi sikusoma.

Nilisoma. Nina diploma ya elektroniki, niliyoipata Dar es Salaam nikilala nyuma ya gereji ya watu na kujilipia ada kwa kutengeneza redio za majirani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma yenyewe iko ukutani sebuleni, kwenye fremu niliyoiranda mwenyewe, na mgeni akiingia kwangu nampa kiti kinachoitazama. Kutoka Dar nilikwenda Gaborone, nikaajiriwa na kampuni ya wapima miamba, nikakaa huko mpaka mvi zikaanza kujitokeza. Nilianza kama mvuta nyaya. Nilipoondoka, mashine ikigoma pale ofisini hawakuwa wanamwita mtu mwingine.

Kampuni ilipobadilisha vifaa, wekstesheni zote zilipangwa koridoni zikingoja gari la taka. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia, nipe mimi. Akacheka, akanipa. Wenzangu wa Upareni waliokuwa nje walirudi na magari, au na mabati ya kuezeka nyumba za wazazi wao. Mimi nilirudi na shehena ya kompyuta zilizokufa. Zilifika Same kwa lori, na kutoka Same zikapanda mlimani kwa pikapu, zimefungwa katikati ya magodoro kama wagonjwa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliuzunguka mzigo ule, akagonga skrini moja kwa kidole.

"Baba," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Miaka yote ile, umeturudishia televisheni zisizoshika stesheni?"

"Shangazi, hizi zina thamani kuliko gari."

"Sawa. Basi siku ya Sabato utupakie humo utupeleke kanisani."

Watu wakacheka. Sikujali. Niliomba kijijini chumba katika ghala la zamani la kahawa, lile ambalo tangu kahawa ilipopoteza bei lilikuwa limebaki la popo na magunia. Nikapiga sakafu upya, nikavuta umeme kwa mikono yangu, nikaanza kazi.

Watu wengi hawajui kazi ya kufufua mashine. Wanadhani ni kupuliza vumbi. Ndani ya mashine zile kuna vikopo vidogo vya umeme, kapasita, ambavyo vikizeeka hutapika maji yanayokula shaba. Nilivitoa kimoja kimoja, nikachomea vipya. Tena kila mashine ina chipu ndogo yenye betri ndani yake, na humo ndimo inamohifadhi utambulisho wake. Betri ikifa, mashine inasahau ni nani. Unaiwasha, inaanza kuuliza maswali kama mgonjwa aliyezinduka. Mafundi wengi wakifika hapo huitupa. Mimi huikata plastiki ya chipu kwa msumeno mwembamba, taratibu, mpaka nione shaba, kisha nachomea betri mpya kwa nje. Inataka mkono usiotetemeka. Wangu hautetemeki.

Halafu kuna rangi. Makasha ya mashine hizi yalikuwa meupe, lakini uzee huyageuza manjano kama meno ya mvuta sigara. Niliyafungua makasha, nikayaosha kwa sabuni kwenye beseni, nikayapaka dawa ile ya saluni ya kung'arisha nywele, nikayaanika juani juu ya kichanja cha vyombo nje ya ghala. Jioni yalikuwa meupe pe. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda mferejini walisimama kutazama, na shangazi alisimama kuliko wote.

"Kumbe ni kuosha tu?" akauliza.

Nikamwambia si kuosha tu, ni kemia. Nikamweleza habari ya oksijeni na mwanga wa jua, kwa lugha rahisi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nimeelewa," akasema. "Kuosha na kuanika."

Katika mashine zote, moja ndiyo iliyokuwa roho ya mkusanyiko wangu. Ilikuwa kubwa kama friji ndogo, ya rangi ya buluu iliyoiva. Ndiyo niliyoifanyia kazi Gaborone. Kule, saa za chakula wenzangu walipotoka, mimi nilibaki na karatasi ya ramani ya milima yetu niliyoinunua Dar. Niliitandaza mezani, nikawa nafuata mistari ya mwinuko kwa kifaa cha mkononi kilichounganishwa na mashine, mstari baada ya mstari, kuanzia uwanda wa Mkomazi mpaka kilele cha Shengena. Hakuna aliyenituma. Kazi ile ilinichukua muda mrefu kuliko watu wengine wanavyochukua kujenga nyumba. Mwishowe nilibonyeza kitufe, na Upare wote ukasimama kwenye skrini, mistari ya kijani kwenye weusi, ukaanza kujizungusha polepole kama mwanamke anayegeuka ili watu waone mshono wa gauni lake. Niliona bonde letu. Niliona pale ilipo ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Siku ile nilimpigia baba simu.

"Baba, nimeizungusha milima."

"Milima ipi?"

"Ya kwetu. Iko hapa mezani kwangu, inazunguka."

Baba yangu hakupita shule zaidi ya kujua kusoma Biblia, lakini ni mtu wa kuamini wanawe. Akaenda kwenye mkutano wa zamu za maji pale ndivani, akawatangazia wote. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye ulimi mkali ambaye shamba lake linapakana na letu, akasimama.

"Mwanao amezungusha milima? Basi mwambie aizungushe zaidi kidogo, ule upande wa mvua uje kwetu."

Walicheka mpaka wakashindwa kugawana maji. Tangu siku ile, miaka yote niliyokuwa nje, kila kiangazi kilipokuwa kirefu, jirani alipokutana na baba njiani alimwamkia vizuri kisha akamwambia, "Hujampigia tu kijana aigeuze?" Baba hakumjibu. Aliniambia hayo baadaye, niliporudi, na alisema kwa ufupi, kama mtu anayeonyesha mahali panapouma bila kutaka paguswe.

Niliporudi, macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Presha ya macho. Nilimpeleka hospitali Moshi. Daktari, binti mpole sana, alimpima, akatuambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Baba alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linasinyaa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pale kliniki, na mikono yangu hii ambayo haitetemeki, nikawa sina cha kufanya nayo. Kapasita ningeibadilisha. Nilimuuliza daktari maswali mengi ya kifundi kuhusu mshipa wa jicho, akanijibu yote kwa subira, na majibu yote yalikuwa hapana.

Kwa hiyo niliharakisha kuifufua mashine ya buluu. Iligoma muda mrefu. Nilibadilisha vikopo, nikaikata chipu, nikaifungua sehemu ya umeme nikaisuka upya. Asubuhi moja ilinguruma, ikaandika maneno yake ya kuamka, nikaliita lile faili langu la zamani. Milima ikatokea. Ikazunguka. Niliacha mlango wa ghala wazi nikakimbia nyumbani, mtu mzima mimi, nikamkuta baba ameketi barazani anapukuchua mahindi kwa kupapasa.

"Baba, imewaka. Twende ukaione."

"Milima imo?"

"Imo."

Akachukua fimbo yake, akasimama. Halafu akaketi tena.

"Sitaki kuiona peke yangu," akasema. "Nikiiona peke yangu watasema kipofu ameona. Waite watu. Mwite na yule jirani. Nikae mbele, na yeye akae nyuma yangu."

Hivyo ndivyo maonyesho yangu yalivyozaliwa. Nilikubaliana siku na mwenyekiti wa kijiji, diwani akakubali kuja, na afisa utamaduni wa wilaya akasema atapanda kutoka Same. Nilichapa mabango. Niliandika kadi ya maelezo ya kila mashine kwa Kiswahili safi ambacho hata mtoto wa darasa la tatu angekielewa. Kilichobaki kilikuwa jambo moja dogo. Milima ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya mashine ile. Nakala niliyokuwa nayo ya mkanda ilikuwa imeharibika, mpira wake umeyeyuka na kuwa gundi. Nilikuwa nimeagiza kutoka Dar kifaa cha kunakilia diski ya aina ile, na fundi wa huko alikipata, akakitia kwenye basi. Siku mbili kabla ya maonyesho nilishuka Same kukipokea.

Basi lilichelewa. Nilikaa stendi na joto lile la Same, nimenunua maji, nimeyamaliza, nimenunua mengine. Lilipofika nilikipokea kifurushi kwa mikono miwili, nikakitia ndani ya jaketi, nikapanda bodaboda kurudi mlimani. Njiani nilimweleza dereva thamani ya nilichobeba. Akasema, "Sawa mkuu, basi jishike."

Tulipokaribia kona ya ghala nikasikia kuimba. Nyimbo zile nilizijua tangu utotoni.

Kwetu kuna msaragambo. Ndiva ikijaa matope, au mvua ikikata barabara, pembe hupigwa na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, na asiyetokea hutozwa faini. Siku hizi pembe imekuwa ujumbe wa simu, lakini nyimbo ni zilezile. Msaragambo ni wa jambo la wote. Hauitishwi kwa ajili ya shughuli ya mtu mmoja ila kijiji kiwe kimeihesabu shughuli yake kuwa ya wote. Na mimi, tangu nirudi, nilikuwa nikilalamika kwa kila aliyenipa sikio kwamba kijiji hakijui thamani yangu.

Wanaume walikuwa wamefyeka nyasi zote kuzunguka ghala na kujaza mawe kwenye mashimo ya barabara ili gari la diwani lipite. Kazi safi. Wanawake walikuwa mbele ya ghala na mabeseni. Kichanja changu kilikuwa kimejaa, na vingine viwili vilikuwa vimejengwa kwa miti mibichi kando yake. Juu yake, zikichuruzika maji, zilianikwa mashine zangu. Si makasha. Matumbo yake. Mbao za saketi zimeegemezwa wima kama sahani. Nyaya zimening'inizwa kwenye kamba ya nguo, zimebanwa kwa vibanio. Mama mmoja alikuwa na mswaki na povu la sabuni ya unga, anasugua katikati ya chipu kwa makini, kama anayemsafisha mtoto masikio.

Shangazi aliniona kwanza. Akapiga kigelegele, wengine wakaitikia.

"Baba, umewahi mno! Tulitaka ukute zimekauka."

Nilishuka kwenye bodaboda. Fundi pikipiki wa kijijini, aliyekuwa ameketi chini na boksi lake la spana, akasimama akanipa mkono wenye grisi.

"Injinia, shikamoo. Mashine zako zina skrubu za ajabu, lakini nimezishinda zote. Kuna kiboksi kimoja humo ndani ulikuwa hujakifungua kabisa. Kimezibwa kwa stika, nikaibandua. Ndani kuna vioo."

"Vioo gani?"

"Vya duara. Vizuri kweli. Shangazi yako amevishughulikia mwenyewe."

Shangazi akaingia ghalani akatoka na ungo. Juu ya ungo, kwenye kanga safi, zilikuwa sahani za diski ya mashine ya buluu, zimepangwa kwa ukubwa ingawa zote zilikuwa sawa. Zilimetameta. Nilijiona uso humo.

"Zilikuwa na alama za vidole vya huyu kijana," akasema. "Nimezipangusa kwa kanga, hazikutakata vizuri. Nikaweka mafuta ya nazi kidogo tu. Ona sasa."

Msomaji asiye fundi nimweleze. Sahani ile ina tabaka jembamba la sumaku, na ndani ya tabaka hilo ndimo kila kitu kinaandikwa. Chembe moja ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuiumiza. Hakuna fundi, Dar wala Gaborone wala kokote, anayeweza kusoma kitu kwenye sahani iliyopakwa mafuta na kusuguliwa kwa kanga. Niliupokea ungo kwa mikono yangu. Kifurushi kilikuwa bado ndani ya jaketi, kinanichoma ubavuni.

"Zimetakata?" shangazi akauliza.

Wote walikuwa wananisubiri. Wamama wenye mikono iliyosinyaa kwa maji, wanaume wameegemea majembe. Mtu aliyefanyiwa msaragambo hakosoi kazi ya waliomfanyia. Sijawahi kusikia aliyefanya hivyo, na ingekuwa ajabu nianze mimi, niliyesema sipendwi. Anayefanyiwa hushukuru, na hulisha.

"Zimetakata, shangazi," nikasema. "Asanteni sana. Asanteni wote."

Wakapiga makofi. Makande yalikuwa tayari jikoni kwa shangazi. Niligawa mimi mwenyewe kwa upawa, sahani baada ya sahani, kama desturi inavyotaka, na kila aliyepokea aliniombea baraka. Fundi pikipiki alirudi mara ya pili.

"Injinia, siku nyingine niite mapema," akasema huku anapuliza makande. "Hii kazi yako si ngumu kama unavyotutisha."

Walipoondoka nilikusanya kila kitu. Mbao za saketi si kitu cha kufa kwa maji peke yake, hilo najua kuliko mtu yeyote wilaya nzima. Niliziosha upya kwa spiriti, nikazikausha, nikazirudisha. Mashine tatu ziliwaka, ingawa moja ilikuwa inatoa harufu ya sabuni kila ikipata joto. Hakuna fundi wa kawaida ambaye angezirudisha hata hizo. Ya buluu pia ilikubali umeme, feni zikanguruma kama zamani, skrini ikabaki nyeusi. Ilikuwa inatafuta diski yake na haikuipata. Niliipa diski nyingine tupu, ikaikataa. Nilipiga picha ile sahani yenye mafuta nikamtumia mwenzangu wa Gaborone. Alijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Baadaye akagundua kwamba sifanyi utani, akapiga simu kunipa pole.

Kuichora upya milima ile kungewezekana. Ramani ninayo. Lakini ningehitaji muda, na muda wenyewe ulikuwa ndani ya macho ya baba, unapungua mimi nikitazama.

Nilikwenda nyumbani kumwambia. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba amevaa koti lake la harusi za watoto, mama anamtoa vumbi mabegani.

"Nimemtumia yule jirani salamu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Amejibu atakuja. Anasema ataleta na shemeji zake kutoka Ndungu, waje waone."

Nikamwambia koti limemkaa vizuri.

Siku ya maonyesho ghala lilijaa. Sijisifu nikisema halijajaa hivyo tangu enzi za kahawa. Diwani alipita kwenye mashine moja baada ya nyingine, mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Zinang'aa," akasema. "Hizi ni mpya kabisa."

"Ni za zamani, mheshimiwa."

"Hapana, ni mpya." Akamgeukia afisa utamaduni. "Si unaona? Mpya."

Wanawake wa msaragambo walikuwa wamesimama ukutani, wamevaa sare ya kwaya, wanazitazama mashine zile kama watu wanavyotazama mahindi yao yakiwa ghalani. Shangazi alikuwa katikati. Kwenye mashine zile tatu zilizowaka niliwaonyesha wanafunzi namna tulivyokuwa tunachora kwa mistari, wakapiga foleni kugusa kibodi, na kwa muda kidogo nilijisikia ni mimi tena.

Halafu baba akaingia ameshikwa mkono na mama. Watu wakampisha. Nilimweka kwenye kiti mbele ya mashine ya buluu. Jirani yetu, na shemeji zake wawili wa Ndungu wenye viatu vya vumbi, wakasimama nyuma yake kama baba alivyotaka.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia jirani.

"Marahaba. Tumekuja kuona mvua ikihamishwa."

Niliwasha. Sijui kwa nini niliwasha. Nadhani kuna fundi ndani ya kila fundi anayeamini kwamba safari hii itakubali. Feni zikanguruma, ghala likanyamaza kusikiliza. Baba akainama mbele, uso wake karibu uguse kioo. Akageuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, kama afanyavyo siku hizi akitafuta mahali pa kuchungulia. Skrini ilikuwa nyeusi. Nilimwona ndani yake, koti na yote.

"Naisikia," akasema.

Nikanyamaza.

"Inazunguka?"

Nikabonyeza kibodi. Jirani hakutania, na hilo lilinishangaza. Baba akapapasa, akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Lakini ghala lilikuwa kimya mno, na kila mtu alisikia.

"Mwanangu," akasema, "mimi naona giza tupu. Ni mimi, au ni mashine?"

Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nikisema ni mashine, nimekwisha mbele ya diwani, mbele ya jirani na shemeji zake, na baba amekwisha pamoja nami. Na wale wamama waliosimama ukutani wangeelewa kilichoiua. Nisiposema kitu, baba atatoka mle ndani akiamini macho yake yameisha leo. Niliinua macho nikakutana na ya shangazi. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ni mashine, baba," nikasema. "Imekufa. Milima haimo tena."

Baba akatoa pumzi ndefu. Mabega yake yakashuka. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa jeneza si la nyumbani kwake.

"Ni mashine!" akamwambia mama. Akamgeukia jirani, akimtafuta kwa mkono. "Umesikia? Si mimi. Ni mashine tu!"

"Nimesikia," jirani akasema kwa upole. "Mashine ni mashine. Pole, mzee mwenzangu."

Maishani mwangu sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kuharibika kwa kazi yangu. Nilisimama pale na diploma yangu, nikawa sijui niweke wapi mikono. Shangazi akatoka ukutani, akaja karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Imekufa kwa nini, baba? Si tuliiosha vizuri?"

"Mliiosha vizuri, shangazi. Ni uzee tu."

Alikunja kanga yake mabegani, akarudi kwa wenzake, na mpaka leo hajaniuliza tena. Kifaa cha kunakilia bado kipo kwenye karatasi yake. Zile sahani anazo yeye. Siku aliporudi kwangu kuchukua ungo wake alizichukua na hizo, akasema ni nzuri mno kutupwa.

Hotuba ya diwani ilipoanza, baba akaniambia, "Nitoe nje basi, nikaitazame yenyewe. Si ipo?"

Nikamshika kiwiko nikamtoa. Jua lilikuwa kali. Nyasi zilizofyekwa zilikuwa zimeanza kunukia. Aliniachia mkono pale uwanjani, akasema nisimsaidie, akasogea hatua chache peke yake na fimbo, akasimama, akainua uso.

"Eh," akasema. "Leo Shengena iko wazi."

Alikuwa ameelekea bondeni, kwenye uwanda mtupu wa Same, ambako hakuna mlima wowote. Shengena ilikuwa nyuma yetu, imejifunika ukungu tangu asubuhi. Nilisogea nikasimama kando yake, nikamshika tena kiwiko. Sikumgeuza. Tulisimama hivyo, yeye akitazama, mpaka mama alipotoka kutuita.